Mashine ya Tabaka Haizimi

"Kutoka hapa Tabaka mpaka Ekerenyo, pitia Kisii mjini, zunguka milima yote, hutapata mashine ya kusimama na hii," alisema Makori, akaipiga kompyuta yake kofi la mapenzi mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe. "Hii haizimi. Mimi ndiye huchoka, yenyewe haichoki."

Kompyuta ikazima.

Haikuzima kwa fujo. Ilikohoa kidogo, feni yake ikalia kama mbu aliyefungiwa chupani, na kwenye gemu ya mpira mshambuliaji wa Tabaka, aliyekuwa amebaki yeye na kipa tu, akaganda mguu mmoja ukiwa hewani. Kisha skrini ikawa nyeusi tii. Katika weusi ule vijana waliojaa chumbani wakaziona nyuso zao wenyewe, midomo wazi.

"Pengine imeona umechoka, ikaamua ukapumzike," alisema Mokua.

Mokua alikuwa kijana wa Kenyenya, mwenye chumba chake cha gemu huko, kiti kinachozunguka, na kompyuta aliyoletewa na mjomba ikiwa ndani ya katoni yake. Ya Makori haikuwahi kuijua katoni. Aliiunga mwenyewe kutoka kwa mabaki: mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kutoka ofisi moja iliyofungwa, diski ya shule, waya za kuokota, na skrini yenye alama ya kidole cha mtu asiyemjua. Kwa hiyo mtu alipoicheka mashine, Makori aliona amechekewa mtoto.

"Ni umeme," alisema.

"Taa inawaka, buda," alisema Mokua, akionyesha dari.

Taa ilikuwa inawaka kweli, tena kwa bidii.

"Manze, sikia," Mokua aliendelea, sasa kwa upole unaouma kuliko matusi. "Jumapili ya wiki ijayo ni fainali. Kenyenya kwa Tabaka. Zamu ni yenu, tunakuja hapa. Lakini tunacheza lile toleo jipya, na toleo jipya ni zito. Kama huyu mgonjwa wako hatalibeba, sema mapema tuhamie kwangu. Hakuna ubaya. Hata chai nitawapa."

"Italibeba," alisema Makori. "Nilikuwa tu nasubiri siku ya kuiongezea nguvu."

Vijana walitoka wakicheka, kila mmoja akidai shilingi zake za mchezo uliokatika. Makori alipoinua macho alimwona babake, mzee Osoro, amesimama mlangoni. Osoro alikuwa mchongaji, na saa zote za mchana alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu kwa vumbi la mawe, kama andazi kabla ya kuingia kwenye mafuta. Nyuma ya bega lake alichungulia Jacinta, msusi wa sokoni, aliyekuwa akikitamani chumba kile tangu mwaka uliopita kwa sababu kinatazama barabara.

"Kiko na soketi mbili," Jacinta alimnong'oneza Osoro, kwa sauti ambayo hata Kenyenya ingeisikia. "Draya moja hapa, nyingine pale. Na mimi nalipa kila mwezi, Baba Makori. Mimi sizimi."

Osoro alimngoja aende zake ndipo akasema.

"Hiki chumba kilikuwa cha viboko wangu na twiga wangu wa mawe," alisema. "Nilikupa kwa sababu uliniambia ni kazi. Sasa watu wanatoka wakidai pesa zao."

"Ni siku moja tu, tata," alisema Makori. Nyumbani kwao baba huitwa tata, na Makori alipotaka huruma alilivuta neno hilo mpaka likawa refu kama njia ya kwenda Nyamira.

"Jumapili ya hiyo fainali nitakuja kusimama hapa hapa. Mashine ikizima mbele ya wageni, Jumatatu Jacinta analeta draya zake, na wewe unarudi kwa beseni."

Kwa beseni. Chini ya banda la mikaratusi, akina mama wa Tabaka huketi na mabeseni ya maji wakipiga sanamu msasa mpaka zing'ae. Ni kazi ya heshima, lakini ni kazi ya akina mama, na Makori aliwahi kukaa kati yao muhula mzima baada ya kumaliza kidato cha nne. Walimfanyia kila mzaha. Walimpimia leso, wakamuuliza mimba ina miezi mingapi.

---

Dadake, Phanice, ndiye aliyeifungua mashine. Phanice alikuwa na mkono mwepesi, na ndiye aliyekuwa tegemeo la Tabaka katika fainali, jambo ambalo vijana wa kiume walilikubali shingo upande baada ya kufungwa naye mmoja baada ya mwingine. Alitoa skrubu, akavuta kifuniko, akapiga chafya.

"Hii si kompyuta," alisema. "Hii ni machimbo."

Ndani mlikuwa mweupe. Vumbi la mawe ya babake lilikuwa limeingia kila mahali, limelala juu ya mazabodi kama poda kwenye shingo ya bwana harusi, na feni haikuonekana mapanga. Walisafisha kwa brashi ya viatu na pumzi zao. Mashine ikawaka tena, ikacheza toleo la zamani bila kukohoa. Lakini walipoiwekea toleo jipya, wachezaji walitembea uwanjani kama wazee wanaopanda mlima Manga na kila mmoja amebeba mkungu wa ndizi.

"Inataka kadi ya grafiki," alisema Phanice. "Ile kadi inayochora picha. Hii yetu imezeeka."

"Nilijua," alisema Makori, ambaye hakuwa amejua.

Kesho yake alienda Ekerenyo kwa Thadeus, mtoto wa mamake mdogo, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta juu ya barabara, mashamba ya chai yakiwa yamemzunguka pande zote. Thadeus alitoa kadi kutoka ndani ya soksi. Ilikuwa na feni mbili na ndefu kama mwiko wa ugali wa harusi.

"Pamoja na hii pawa saplai, maana ile yako haitaweza kuilisha," alisema Thadeus. "Lakini sikia, ndugu yangu. Hii kitu ni jiko. Inakula umeme, inatema joto. Ipe hewa."

"Thadeus, hii mashine nimeiunga kwa mikono yangu. Unanifundisha hewa?"

"Nakuambia tu. Unalipa na nini?"

Makori alikuwa amekuja na chesi nzima ya mawe aliyopewa na babake siku ya kumaliza shule, pamoja na jogoo. Thadeus aliitazama chesi, akamtazama jogoo, kisha macho yake yakatua kwenye mfuko wa shati la Makori.

"Ongeza simu," alisema.

Walibishana mpaka jogoo akasinzia. Mwishowe Makori aliondoka Ekerenyo na kadi kwapani na, badala ya simu yake, kabambe mfukoni, ile simu ya vibonye yenye tochi ambayo hata wezi huirudisha. Boda alipomuuliza namba ya kumtumia chenji ya nauli, Makori aliitoa kwa kuificha kwenye kiganja, kama mtu anayenusa ugoro kanisani.

---

Kadi haikuingia. Lile sanduku la kompyuta lililotoka ofisini lilikuwa jembamba, nayo kadi ilitokeza nje kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Makori alihamisha mali yote kwenye kreti ya mkate. Ikafanya kazi, picha zikawa laini, nyasi za uwanjani zikaonekana moja moja. Lakini Phanice aliipiga picha kreti, akaiweka kwenye kundi la gemu, na jibu la Mokua likaja kabla hajaishusha simu. Makori, kwa kuwa kabambe haipokei makundi, ilimbidi asomewe matusi yake na dada.

"Ameandika, 'Na siagi mmepaka?'" alisoma Phanice.

"Soma nyingine."

"Nyingine ni watu wanacheka. Wote wa Kenyenya. Na wengine wa Tabaka."

Vumbi nalo lilikuwa linaingia kwenye kreti bila hata kubisha hodi. Makori alitoka nje akiwa na sura ya kufiwa, akaenda kuketi karibu na babake, aliyekuwa akichonga chui. Kando ya Osoro kulikuwa na jiwe kubwa la waridi ambalo mnunuzi alilikataa kwa sababu lina mshipa mweusi. Siku hiyo ya Agosti ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Makori aliegemeza shavu lake kwenye lile jiwe, akaruka.

"Tata. Hili jiwe ni baridi."

"Mawe huwa baridi."

"Hapana, sikiliza. Kompyuta shida yake ni joto. Jiwe ni baridi. Ukinichongea sanduku la jiwe, vumbi haliingii, joto linamezwa, na Kenyenya hawatasema tena mkate."

Osoro aliweka tupa chini. Katika miaka yake yote alikuwa amechonga viboko, twiga, mabakuli ya sabuni na familia zilizokumbatiana bila nyuso, kwa sababu ndivyo wanunuzi walivyotaka. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Alilizunguka jiwe mara kadhaa, akilipapasa.

"Chui upande huu," alisema polepole. "Awe amelala juu, mkia unashuka mpaka huku."

"Hata uchonge wawili."

Tangu siku hiyo baba na mwana, ambao mazungumzo yao kwa kawaida yalikuwa "umekula?" na "zima taa", hawakuachana. Osoro alichimba, Makori akapima kwa kamba. Osoro aliuliza kwa nini waya ile ni ya njano, Makori akaeleza, akiongeza mambo mengine ya kubuni palipopungua. Siku moja Osoro alisimamisha patasi.

"Matundu je? Hata mzinga wa nyuki una tundu."

"Moja dogo la waya, nyuma," alisema Makori. "Mengi yataingiza vumbi. Jiwe lenyewe ni feni, tata."

"Wewe ndiye umesoma," alisema Osoro, akaendelea kutokea kwenye sikio la chui.

Mama yao, Drusilla, aliwatazama kutoka mlango wa jikoni. Yeye alikuwa na vita vyake. Alikaanga mandazi ya kuuza asubuhi, na baridi ile iliufanya unga ukatae kuumuka. Alikuwa ameuhamisha kutoka mezani hadi kitandani, akaufunika kwa blanketi la Osoro, na bado unga ulikaa tu besenini kama mgeni aliyenuna.

"Nyinyi mnachongea kompyuta nyumba," alisema. "Mimi mandazi yangu yanatoka kama mawe yenu. Jana mteja ameniuliza kama hili ni la kula au ni la kupeleka Nairobi kuuza."

Sanduku lilikamilika Ijumaa. Lilikuwa zuri hata Osoro mwenyewe alikohoa mara mbili badala ya kusema neno. Jiwe la waridi liling'aa, ule mshipa mweusi uliokataliwa ukawa mgongo wa chui, naye amelala juu ya kifuniko akitazama upande wa mlango kama mwenye nyumba. Walipanga mali ndani, mazabodi juu ya ubao, kadi ikapata kulala miguu imenyooka. Makori aliwasha. Akaweka kiganja juu ya jiwe. Baridi kama kijito.

"Umeona?" alimwambia babake. "Umeona sasa?"

"Acha icheze kidogo tuone," alisema Phanice.

Lakini jua lilikuwa linaingia, na Drusilla alikuwa ameshafunga mlango wa jikoni na kuvaa leso safi. Katika nyumba ya Osoro, Sabato ikiingia hata kuku huteremsha sauti. "Zima hiyo kitu," alisema. "Mmechonga wiki nzima, Bwana naye apewe siku yake." Makori alizima. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Jumamosi, baada ya ibada, nusu ya kanisa ilipitia pale kwa kisingizio cha kusalimia. Kila aliyelishika sanduku alisema ni baridi, na Makori akawa anaitikia kama mtu anayepokea pongezi za mtoto aliyefaulu mtihani.

---

Jumapili mchana Kenyenya walifika. Mokua aliingia na mzaha wake mdomoni tayari, akaliona sanduku, mzaha ukarudi ulikotoka. Akainama. Akamgusa chui pua.

"Manze," alisema.

"Shika tu, haiumi," alisema Makori. "Hiyo ni friji ya asili. Unaweza cheza mpaka Krismasi."

Chumba kilijaa mpaka watu wakakaa dirishani. Jacinta alikuja pia, amebeba utepe wa kupimia, akaanza kupima ukuta kwa macho ya mtu anayewaheshimu wafiwa. Osoro alisimama mlangoni kama alivyoahidi, lakini safari hii alikuwa amenawa, amevaa koti. Drusilla aliingia na beseni la unga, akakosa pa kuliweka kwa sababu viti vyote vya jikoni vilikuwa vimeazimwa, akaliweka juu ya kifuniko, nyuma ya chui.

"Mama," alisema Makori.

"Dakika mbili tu. Unataka niweke kichwani?"

Mpira ukaanza. Phanice upande mmoja, Mokua upande wa pili, na mashine ikienda laini kama samli. Phanice akafunga. Tabaka wakapiga meza. Mokua akasawazisha, Kenyenya wakapiga ukuta. Makori hakuutazama mpira. Alizitazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine, akizionja.

Ndipo paka wa jirani akaingia. Paka yule kwa kawaida hakutoka mekoni kwa Mama Esnah hata kwa mfupa, baridi ikiwa namna ile. Alipita kati ya miguu, akaruka juu ya sanduku, akazunguka, akajikunja ubavuni mwa chui wa jiwe, akafumba macho.

"Mnaona?" alisema Makori. "Hata wanyama wanajua kitu kizuri."

Watu walicheka. Phanice peke yake hakucheka, kwa sababu mchezaji wake alikuwa ameanza kukimbia kwa kusitasita.

"Makori," alisema bila kugeuza macho. "Inavuta."

"Ni wewe umeshika vibaya."

"Hata yangu inavuta," alisema Mokua.

Drusilla alikuwa amerudi kuchukua beseni. Aliinua kitambaa, akasimama. Unga ulikuwa umeumuka. Ulikuwa umevimba, umepanda, umepita mdomo wa beseni, na sasa ulikuwa unamwinamia chui mgongoni kwa upendo.

"Mwezi wa nane?" alijiuliza Drusilla. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiondoa haraka. "Makori. Nani amekupa jiko?"

Makori alishika kifuniko. Kilikuwa moto. Si moto wa kuunguza, ila ule moto wa mtumishi mwaminifu, jiwe lililomeza joto lote kama lilivyoahidiwa, likashiba, na sasa likawa linarudisha. Jiwe hupata joto polepole na kulisahau polepole zaidi. Kila mama pale Tabaka aliyewahi kuketi juu ya jiwe lililoshinda juani alilijua hilo. Makori naye alilijua, ila hakuwahi kufikiri ni jiwe lile lile. Ndani ya sanduku feni zilianza kulia, na mlio aliufahamu. Ulikuwa wa mbu aliyefungiwa chupani.

"Tusimamishe," alisema Mokua. "Hii inazima sasa hivi."

"Mechi haisimami," alisema Phanice kwa meno. "Tata, toa kifuniko."

Makori alimtazama babake. Kuangalia huko kulikuwa na mambo mengi: lilikuwamo beseni la maji, leso, na akina mama wa bandani wakiuliza mimba ina miezi mingapi. Jacinta alikuwa ameukunjua utepe.

Osoro alivuka chumba. Alimtoa paka, akamkabidhi mtoto mmoja wa Kenyenya. Akakumbatia kifuniko, chui, unga na vyote, akakiinua peke yake kama anavyoinua mawe kila siku, akakiweka sakafuni. Joto likatoka na kumpiga usoni kama la chungu kilichofunuliwa. Kisha akatazama kulia na kushoto, akaona ungo wa mkewe umetundikwa ukutani, akaushusha.

Inafaa kusema kwamba katika sehemu zile mwanamume wa umri wake hashiki ungo. Hata ungo ukimwangukia, humwita mke aje autoe. Osoro aliushika kwa mikono miwili, akapanua miguu, akaanza kuipepea kompyuta.

Kisha mama mmoja dirishani akasema, "Baba Makori, kiwiko ndani kidogo. Utamwaga wimbi."

"Niacheni," alisema Osoro. "Chezeni, nyinyi."

Walicheza. Osoro alipepea, koti lake likipanda na kushuka mgongoni, jasho likamtoka na kuacha michirizi. Drusilla alipoona anachoka alitaka kumpokea, akakataa. Makori alipotaka kumpokea, alikataa zaidi. Feni zikapunguza kilio. Wachezaji wakaanza tena kukimbia kama watu waliokula. Muda ukaisha, sare. Wakaenda penalti, na kila mpigaji aliposogea kwenye mpira, chumba kizima kilishika pumzi isipokuwa ungo, vuu, vuu, vuu.

Phanice alipiga nje.

Kenyenya walilipuka. Mokua aliruka juu ya kiti. Na katikati ya makelele yale mtu aliyepiga makofi kuliko wote, akimkumbatia Mokua, akimkumbatia hata yule mtoto mwenye paka, alikuwa Makori, kwa sababu kwenye skrini kikombe kilikuwa kinazunguka, fataki zinapasuka, na mashine inawaka.

"Tumefungwa, mjinga wewe," alisema Phanice.

"Inawaka," alisema Makori. "Angalia. Inawaka."

Jacinta alijitokeza na utepe wake. "Baba Makori, mimi sitaki maneno mengi. Lakini hiyo mashine mmeipepeta kama mahindi."

Osoro alikuwa ameketi sasa, ungo magotini, anahema.

"Nilisema ikizima," alijibu. "Sikusema isipepetwe. Imezima?"

Jacinta alitazama skrini, ambako kikombe kilizidi kuzunguka bila aibu.

"Haijazima," alikiri.

"Basi draya zako zitafutie ukuta mwingine."

Drusilla alikaanga mandazi yote jioni ile, na yalikuwa mepesi hata yakawa yanageuka yenyewe kwenye mafuta. Mokua alikula mpaka akaomba ya kubeba.

---

Baadaye Osoro alirudi na kekee. Alimfungua chui mdomo mpaka koo, feni ikakaa nyuma ya meno ikivuta hewa, akatoboa na madoa yote ya mgongoni, kila doa likawa tundu. Chui akapendeza kuliko alipokuwa mzima. Juu ya mdomo Phanice alifunga kitambaa cha soksi cha kuzuia vumbi. Sanduku bado lilipata joto, maana jiwe ni jiwe, lakini ndani mashine ilipumua, na fainali za kirafiki zikachezwa pale kila Jumapili bila ungo kushuka ukutani.

Picha zilisafiri. Wiki chache baadaye gari dogo lilisimama barabarani, akashuka mama mmoja wa Kisii mjini, Abigael, mwenye duka la vinyago na mwana anayependa gemu kuliko chakula. Alitaka sanduku kama lile, na kama ni zuri kweli, mengine ya kuuza. Osoro alikuwa machimboni. Makori alimkaribisha, akampa kiti, akaegemea sanduku kwa kiwiko kama mbunge kwenye jukwaa. Nyuma ya kiwiko, juu ya kifuniko, kulikuwa na kitu cha duara kilichofunikwa leso ya maua, ambacho mgeni alidhani ni pambo.

"Wazo lilikuwa langu," alisema Makori. "Nilikaa nikafikiri kitaalamu. Nikasema, jiwe la Tabaka ni baridi kama kijito. Likimeza joto, limelimaliza. Siku ya fainali watu wa Kenyenya walishangaa. Hakuna aliyetoa jasho hapa. Tulikaa tu, mikono mifukoni, mashine ikafanya kazi yake."

"Na haipati joto kabisa?" aliuliza Abigael.

"Joto?" Makori alicheka kidogo, kama aliyeulizwa kama samaki hupata kiu. "Mama Abigael, tangu nimeiweka kwenye hili jiwe, sijui hata joto linafananaje."

Mlango wa ndani ulisukumwa. Drusilla aliingia akipangusa mikono, aproni imejaa unga, akamsalimia mgeni kwa heshima zote, akamwuliza habari za mjini na za watoto. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Toa kiwiko, baba."

Makori hakutoa. Drusilla alikitoa mwenyewe, kwa vidole viwili, akaivuta leso ya maua. Chini yake unga ulikuwa umepanda mviringo, laini, juu ya mdomo wa beseni kama kitambi cha diwani. Aliubonyeza kwa kidole, ukarudi. Akaridhika. Akalibeba beseni kiunoni, akamtazama Abigael, ambaye sasa alikuwa amenyoosha kiganja chake polepole na kukiweka pale beseni lilipotoka, na nyusi zake zikawa zinapanda.

"Na usiizime hiyo mashine, Makori," alisema Drusilla kutoka mlangoni. "Kuna beseni la pili linakuja."